Mkono Uliomrudi John Newton



Jumapili Pasta alinipa nafasi ya Neno, tukasoma Waebrania 12 kuanzia mstari wa 5 hadi wa 11, na saa ikaniishia kabla sijamaliza habari za yule baharia. Wengine mlinifuata hadi kwenye geti mkitaka kujua ilikuwaje mwishowe. Nimeombwa niiandike hapa yote, na nitaiandika pamoja na jambo moja ambalo Jumapili sikuwa na ujasiri wa kulisema.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili, inapoeleza Mungu akimtia mwanawe adabu, inasema anamrudi. Vijana wengi siku hizi hawalijui neno hilo. Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza, Mungu anamrudi mtu vipi, kwani alikuwa amemwacha? Nilicheka, lakini baadaye nikaona swali lake si la kuchekwa. Wazazi wetu walipokuwa wanamrudi mtoto, walikuwa wanamkanya, wanamrekebisha, na mwiko wa ugali ukihitajika ulikuwa karibu. Hakimu akishamfunga mwizi, faili imefungwa, hataki kujua huyo mtu alikula nini jioni. Mama akishakuchapa, jioni anakuita ule, tena anaangalia kama umeshiba. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muishike mnaposoma habari za mtu huyu.

John Newton ndiye aliyetunga ule wimbo wa neema ya ajabu. Tunauimba kwenye kesha na kwenye matanga, na wengi huimba wakidhani uliandikwa na mtakatifu aliyekulia kanisani. Aliuandaa kwa ibada ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1773, kwa ajili ya watu wa kawaida wa mji mdogo wa Olney, Uingereza. Alikuwa na miaka 47 wakati huo. Lakini alikotoka, ndugu zangu, hebu tuanzie huko.

Alizaliwa London mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mcha Mungu na mgonjwa wa kifua. Alimfundisha mtoto kusoma akiwa bado mdogo sana, akamkaririsha maandiko na nyimbo, akiwa na tumaini kwamba siku moja atakuwa mhubiri. Akafa kwa kifua kikuu mwaka 1732, mtoto hajafika hata miaka 7. Baba akaoa tena, kijana akapelekwa shule ya bweni muda mfupi, na alipofika miaka 11 akaingia baharini na baba yake.

Kina mama mnaosoma hapa, mama huyu hakuona chochote cha alichopanda. Hata kidogo. Siwezi kuwapa neno la kufurahisha juu ya hilo, nawaambia tu ilivyokuwa.

Huko baharini kijana aliharibika. Mara afunge na kuomba, mara arudi kwenye matusi, mpaka akasoma vitabu vya watu wasioamini na akaamua hakuna Mungu wa kumwogopa. Kinywa chake kikawa kichafu hata kwa mabaharia, na mnajua si rahisi kumshtua baharia kwa matusi. Tena hakutosheka kuasi peke yake. Alikuwa anafurahia kumtoa mwingine kwenye imani.

Sasa angalieni mkono wa Bwana ulivyoanza. Mwaka 1742 alikuwa na miaka 17, baba amemtafutia kazi nzuri Jamaica. Kabla ya kusafiri akapitia kwa familia moja huko Kent, marafiki wa marehemu mama yake, akamwona binti yao Mary, ambaye hakuwa hata amefika miaka 14. Akakaa siku zaidi ya alizopewa hadi meli ikaondoka bila yeye. Huyo Mary atakuja kuwa kamba ya kumfunga nanga kwa miaka mingi, maana alipokuwa hamwogopi Mungu wala mtu, bado aliogopa Mary asimdharau.

Mwaka 1744 akakamatwa na askari wa jeshi la majini. Siku hizo Uingereza ilikuwa na tabia ya kuwanyakua vijana barabarani na kuwatia kwenye meli za vita kwa nguvu. Baba yake akamwombea, akapewa cheo kidogo humo melini. Angetulia, maisha yangekuwa mazuri. Lakini akatoroka. Akashikwa, akarudishwa akitembezwa kama mhalifu, akafungwa minyororo, akavuliwa nguo, akachapwa viboko mbele ya mabaharia wote na kuvuliwa cheo. Wale aliokuwa akiwaamuru jana wakawa wanamcheka leo.

Je, alitubu? Hapana. Alipanga kumuua nahodha wake, kisha ajitupe baharini. Kilichomzuia, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, ni fikira za Mary. Wapendwa, tuna mazoea ya kudhani kiboko kikiuma basi mtu atabadilika. Wazazi mnajua si hivyo. Kuna mtoto unamchapa na anazidi kuwa jiwe. Waebrania inasema kuadibiwa huzaa tunda kwa wale waliozoezwa nako, na kuzoezwa si kazi ya siku moja.

Kule Madeira akaomba abadilishwe, akahamishiwa meli ya biashara iliyokuwa inakwenda pwani ya Afrika magharibi kununua watumwa. Alifurahi. Kumbukeni hilo. Alifurahi kwa sababu huko hakuna mtu anayemjua, atatenda dhambi apendavyo. Akashukia maeneo ya Sierra Leone, akamtumikia Mzungu mmoja mfanyabiashara ya watumwa katika visiwa vya Plantain. Mzungu huyo alikuwa anaishi na mwanamke wa nasaba kubwa ya huko, na mwanamke huyo hakumpenda Newton kabisa. Newton akashikwa na homa. Bwana wake akasafiri akamwacha, naye akalala juu ya mkeka, gogo likiwa mto wake, akiomba maji na kunyimwa. Chakula chake kilikuwa mabaki ya sahani. Alipopata nafuu alikuwa akitoka usiku kung'oa mizizi shambani na kuila mbichi, hata kama tumbo linaikataa.

Hapa kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio, nami nimelipita mbio miaka mingi. Waliomsaidia ni watumwa. Watu waliofungwa minyororo, wanaosubiri meli ya kuwapeleka wasikokujua, wakachukua sehemu ya chakula chao kidogo wakampa kwa siri huyo Mzungu mgonjwa. Yeye mwenyewe aliandika hivyo. Liwekeni hilo kando, tutarudi kwake.

Akiwa katika hali hiyo alipewa kazi ya kupanda miti ya ndimu. Siku moja bwana wake na yule mwanamke wakapita, bwana akamdhihaki kwamba huenda miti hiyo ikizaa, yeye Newton atakuwa ameshakwenda kwao, amekuwa nahodha wa meli, na amerudi kuchuma hizo ndimu. Ilikuwa kejeli. Mtu mwenyewe alikuwa anavaa matambara.

Baba yake huko Uingereza akaanza kumtafuta, akamwomba rafiki yake mwenye meli, na mwanzoni mwa mwaka 1747 meli iitwayo Greyhound ikamkuta kwenye pwani hiyo. Wakati huo alikuwa amehamia kwa mfanyabiashara mwingine, mambo yamemnyookea kidogo, na hakutaka kuondoka! Nahodha alilazimika kumdanganya kwamba ameachiwa urithi mkubwa. Hata hiyo isingetosha, ila alimkumbuka Mary.

Meli ile ilizunguka zaidi ya mwaka mzima ikibeba dhahabu, pembe za ndovu, mbao za kutolea rangi na nta ya nyuki. Newton humo hakuwa na kazi maalumu, akazidi kutukana mpaka nahodha akawa anajiuliza kama amejitwalia Yona. Ndipo usiku mmoja wa Machi 1748, katikati ya Atlantiki ya kaskazini, dhoruba ikaipiga meli na upande mmoja ukabomoka. Newton alikimbia kupanda ngazi; nahodha akamwagiza arudi alete kisu; mwenzake akapanda mahali pake, na wimbi likamzoa papo hapo. Wakasukuma pampu usiku kucha wakiwa wamejifunga kamba. Wakaziba matundu kwa nguo zao na blanketi. Nta na mbao, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, ndizo zilizoishikilia meli isizame. Kulipokucha, katika kusema maneno tu ya kukata tamaa, Newton akajikuta ametaja rehema za Bwana. Akasimama. Rehema gani itanifikia mimi, akajiuliza. Baadaye akawekwa kwenye usukani kwa muda wa saa nyingi hadi usiku wa manane, na humo ndimo mafundisho ya mama yake yalianza kumrudia moja moja.

Walielea wiki nne. Tarehe 8 Aprili wakafika Ireland, chakula cha mwisho kikiwa kwenye sufuria. Baada ya saa kama mbili hivi upepo mkali ukavuma, ambao ungewakuta baharini ungewamaliza. Alikuwa na miaka 22. Kwa kalenda ya siku hizi siku ile ya dhoruba ni 21 Machi, naye aliiadhimisha kila mwaka hadi uzee.

Sisi wapentekoste hapa ndipo tunapenda kufunga ushuhuda. Ametolewa majini, ameokoka, tumpigie Bwana makofi. Na kweli ameokoka, sitaki mtu aondoke akidhani nasema vinginevyo. Aliacha matusi siku hiyo na hakuyarudia. Lakini mwaka huohuo 1748 alipanda meli nyingine kama msaidizi wa nahodha, na meli hiyo ilikuwa ya kwenda kununua watumwa. Kufika pwani ileile akarudi nyuma katika maombi na katika mwili, mpaka homa ikamlaza tena katika visiwa vilevile vya Plantain. Akajikokota hadi mahali pa faragha, akajiweka mikononi mwa Mungu upya.

Mwaka 1750 akamwoa Mary. Mwaka huohuo akawa nahodha. Akafanya safari tatu kama nahodha, kutoka 1750 hadi 1754, zote tatu za watumwa. Na yes, alirudi Plantain, yule bwana wake wa zamani akamwona amekuja na meli yake, na Newton akachuma ndimu za kwanza kwenye miti aliyoipanda kwa mikono yake.

Fikirini angesimama mbele yetu hapa Jumapili na ushuhuda huo. Mungu amenitoa mavumbini, amenipa mke niliyemwomba, amenifanya nahodha, nimekula ndimu mbele ya adui zangu. Tungemshangilia! Mimi ningekuwa wa kwanza kusimama. Na chini ya sakafu alipokuwa amesimama kuna wanaume na wanawake wamelazwa safu kwa safu, minyororo miguuni. Jumapili alikuwa anawaongoza mabaharia wake katika ibada. Katika daftari lake la safari mna siku aliyogundua watumwa wanapanga kuasi, akawabana vijana vidole kwa chuma ili waseme. Mtu aliyeokoka. Mtu anayesoma Biblia asubuhi na jioni. Aliyewahi kulishwa na mtumwa.

Hapo ndipo niliposhindwa Jumapili, nikasingizia saa.

Miaka saba iliyopita, kabla sijahamia mji huu, nilikuwa mweka hazina wa mfuko wa msiba katika kanisa tulilokuwa tukiabudu. Muhula ulifunguliwa, kijana wangu wa kidato cha tatu akarudishwa nyumbani kwa karo, nami nikachukua 46,000 katika mfuko. Nikajiambia mwisho wa mwezi nitazirudisha, hakuna atakayejua. Siku ya nane mama mmoja akafiwa na mumewe. Kamati ikaniambia nitoe pesa za mama, na pesa hazikuwepo. Nikatoa sababu, mara mwenye sahihi ya pili amesafiri, mara benki. Mwili ukakaa mochari siku tisa zaidi. Mwishowe yalijulikana, kama yanavyojulikana siku zote.

Wazee waliniita, wakanivua kila kazi. Mwaka mzima nisisimame madhabahuni, nisiguse sadaka, nikae viti vya nyuma na watu. Niseme ukweli, niliwachukia. Niliona wananionea, maana nilikuwa najua wawili kati yao na mambo yao. Nilitafuta kanisa lingine, nikahudhuria Jumapili mbili, huko wakanikaribisha vizuri sana na wakataka kunipa huduma mara moja. Mke wangu ndiye aliyekataa kuja. Alisema mtoto anayehamia kwa jirani kila akichapwa hana kwao. Nikarudi viti vya nyuma. Baada ya miezi mitano nilikuwa nimelipa zote 46,000, na mwaka ulipoisha nikarudishwa mbele, watu wakapiga makofi, nikalia, nikatoa ushuhuda. Nikajua yameisha. Nilihubiri Waebrania 12 mara kadhaa baada ya hapo nikijitolea mfano mimi mwenyewe.

Basi sikilizeni Newton aliendeleaje.

Novemba 1754 alikuwa tayari kusafiri na meli mpya. Alikuwa ameketi na mkewe wakinywa chai, ghafla akaanguka, akapoteza fahamu karibu saa nzima. Madaktari wakamshauri asiende. Akaacha bahari na hakurudi tena. Aliyechukua meli ile badala yake alifia katika safari hiyo. Newton hakuacha kwa sababu aliona biashara ni dhambi. Alikuwa amechoka kujiona kama mlinzi wa jela, alikuwa ameomba apewe kazi nyingine, lakini dhamiri yake juu ya Mwafrika ilikuwa bado imelala. Mungu akamtoa kwanza mahali pale, macho yakaja kufunguka baadaye sana. Mzazi pia hufanya hivyo, anamnyang'anya mtoto kisu kabla ya kumweleza kisu ni nini.

Akapata kazi ya serikali bandarini Liverpool mwaka 1755, akajifundisha Kigiriki na Kiebrania usiku. Mwaka 1758 akaomba kuwekwa wakfu kuwa mchungaji, akakataliwa. Akaendelea kukataliwa karibu miaka sita. Mtu ambaye mama yake alimtoa kwa huduma akiwa mtoto! Nadhani kama ni mimi ningefungua kanisa langu kwenye ukumbi wa kukodi. Yeye aliwazia kwenda kwa madhehebu mengine, lakini akangoja, na mwaka 1764 akawekwa wakfu na kupelekwa Olney. Huko alikuwa mchungaji mpole kuliko kawaida. Rafiki yake mshairi William Cowper alikuwa mtu wa kuugua akili, aliyejaribu kujiua, na Newton alimkalisha nyumbani kwake miezi mingi bila kuchoka naye. Pamoja walitoa kitabu cha nyimbo mwaka 1779. Mwaka 1780 akahamia kanisa la St Mary Woolnoth, London.

Mwaka 1785 mbunge kijana, William Wilberforce, alimjia kwa siri akitaka ushauri. Alikuwa ameokoka na anafikiria kuacha siasa. Newton akamwambia abaki bungeni, huenda Mungu anayo kazi yake huko. Kazi hiyo ikawa vita vya kukomesha biashara ya watumwa.

Na mwaka 1788, Newton akiwa na miaka zaidi ya 60, akaandika kijitabu juu ya biashara hiyo. Akaungama hadharani. Akaeleza jinsi watu walivyopangwa chini ya sitaha bila nafasi ya kugeuka, jinsi wanawake walivyotendewa na mabaharia, jinsi walivyokufa. Akakiri kwamba ungamo lake limechelewa, na kwamba ataona aibu maisha yake yote kuwa alikuwa chombo hai cha jambo ambalo sasa moyo wake unatetemeka kulikumbuka. Akaitwa kutoa ushahidi mbele ya baraza la mfalme, na mwaka 1790 mbele ya kamati ya bunge, akaenda akaeleza kila kitu kwa kinywa chake, kinywa kilekile cha matusi.

Hesabuni miaka. Dhoruba 1748. Kijitabu 1788. Miaka 40, na katika hiyo miaka 40 Baba alikuwa bado anamrudi. Viboko vya jeshi, homa, njaa, wimbi, kuanguka akinywa chai, milango ya kanisa kufungwa, vyote hivyo, na bado kulikuwa na mtu mmoja Newton hajawahi kumwona sawasawa, yule aliyemgawia chakula akiwa na mnyororo mguuni. Toba yake kwa Mungu ilikuwa ya kweli. Lakini Baba mwenye watoto wengi hawezi kuridhika mmoja akija kumkumbatia huku amekanyaga mguu wa mwenzake.

Hapa mnisikilize vizuri, maana watu hunukuu vibaya. Sisemi kwamba wale watumwa walikuwa wanarudiwa na Mungu. Wala sisemi kwamba waliteswa ili Newton apate somo. Waliibiwa na kuonewa, na wengi walikufa, na damu yao ililia kama ya Habili. Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu katika Yohana 9 waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, na Bwana akawakatalia swali lao. Dada akiugua, au mtoto wake akifa, usiende kwake na Waebrania 12 mkononi. Mlango huo mtu huufungua mwenyewe kutoka ndani, juu ya maisha yake.

Na juu ya yangu, niliufungua Desemba iliyopita. Nilikuwa nimenunua kitabu kimoja kilichochakaa cha maisha ya Newton kwa muuzaji wa kando ya barabara, nikawa ninakisoma usiku. Nilipofika mwaka wa 1788 nikahesabu miaka kama nilivyowahesabia ninyi. Nikaweka kitabu chini. Nilikuwa nimetubu kwa Mungu. Nimetubu kwa wazee, kwa kanisa, kwa mke wangu. Pesa za mfuko nimerudisha hadi shilingi ya mwisho. Yule mama sikuwahi kwenda kwake. Hata siku moja. Katika ushuhuda wangu wote, miaka hiyo yote, sikumtaja ila kama sababu ya mimi kujulikana.

Sikulala. Asubuhi nilimwambia mke wangu, akasema tu, nilikuwa nangoja.

Newton alimzika Mary mwaka 1790, saratani ilimchukua. Macho yake yakafifia, masikio yakazibika, akaendelea kuhubiri hata asipoweza tena kusoma. Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza ikatiwa sahihi. Aliishi kuisikia. Akafa tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82.

Mimi nilikwenda kwa mama yule Januari. Anaishi palepale. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani kwenye matatu, na nilipofika yote yakanitoka, nikasema tu mimi ndiye, na nimechelewa miaka saba. Alinyamaza. Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, akatoa risiti za mochari za zile siku tisa, zimekunjwa vizuri. Akanieleza aliuza ng'ombe aliyekuwa anawakamulia watoto ili amtoe mume wake pale. Hilo sikuwa nimewahi kulijua. Kamati haikulijua. Hakuna kiti cha nyuma ambacho kingenifundisha hilo.

Sikuombwa chochote. Nilimwuliza ng'ombe kama yule angekuwa bei gani sasa, tukaongea kama watu wa sokoni, tukapatana. Nalipa kila mwezi. Hajasema amenisamehe, nami sijamwuliza. Mwezi wa sita nilipopeleka, aliniambia niketi ninywe chai kwanza.